Logi kwenye kamera ya video: kwa nini picha hutoka imefifia

Mtu ananunua kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), anazama kwenye menyu, anakuta S-Log3, moja ya aina za logi. Amewasikia wenzake wakiisifu, basi anaichagua, anarekodi siku nzima, usiku anafungua faili kwenye kompyuta. Anachokiona ni kijivujivu kitupu, kama kuna mtu amepumulia lenzi. Weusi si weusi, weupe si weupe, sura za watu zimepauka. Wazo la kwanza ni kuirudisha kamera dukani.

Kamera ni nzima. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa alichorekodi hakikukusudiwa kutazamwa hivyo kilivyo.

Logi ni kifupi cha logarithimu, ileile tuliyokutana nayo kwenye hesabu na wengi wetu tukaiacha palepale. Katika video, logi ni namna ya kugawa nafasi iliyomo kwenye faili kati ya sehemu za giza na sehemu za mwanga. Haihusiani na mtindo wa sinema, wala si kichujio cha kupendezesha picha. Ni ufungashaji. Nguo huingia kwenye begi zikiwa zimekunjwa ili zienee nyingi, lakini hakuna anayevaa shati likiwa bado limekunjwa. Picha ya logi iliyofunguliwa bila kurekebishwa ndiyo shati hilo.

Kwa nini ikunjwe? Hapa inabidi tuangalie kihisi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, kinavyohesabu. Kihisi hakina ujanja: mwanga ukiongezeka mara mbili, namba nayo inaongezeka mara mbili. Kila hatua hiyo ya mara mbili wapigapicha huiita stopu. Sasa chukua kihisi cha biti 14, chenye ngazi 16,384 za kuhesabia. Stopu moja ya juu kabisa, ile ya mwanga mkali kuliko zote, inajichukulia ngazi 8,192 peke yake. Inayofuata inapata 4,096, ya tatu 2,048, na mgawo unaendelea kukatika nusu kwa nusu hadi stopu ya kumi kutoka juu inaambulia ngazi 16. Yaani nusu ya ghala lote imepewa mwanga mkali, halafu nywele nyeusi, koti jeusi na kona za chumba vinagombania makombo.

Jicho halifanyi kazi hivyo. Kaa kwenye chumba chenye mshumaa mmoja, kisha washa wa pili: chumba kizima kinabadilika. Kwenye ukumbi wenye mishumaa 100, ongeza mmoja, na hakuna atakayegeuza shingo. Jicho linapima kwa uwiano, na logarithimu ndiyo hesabu ya uwiano. Fomula ya logi inachukua ule mgawo wa kihisi na kuugawa upya, kila stopu ipate fungu linalokaribiana na la mwenzake. Giza kabisa peke yake ndilo hupata pungufu kidogo.

Wazo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kodak walikuwa na mfumo ulioitwa Cineon, wa kuingiza filamu za sinema kwenye kompyuta, na walihifadhi kila rangi kwa biti 10 za logi kwa sababu hizihizi. Watengenezaji wa kamera walikuja kulichukua wazo hilo, kila mmoja akaandika fomula yake na kuipa jina: S-Log kwa Sony, C-Log kwa Canon, V-Log kwa Panasonic, N-Log kwa Nikon, F-Log kwa Fujifilm. Ni ndugu, ila si pacha, na kuwachanganya kuna gharama yake kama tutakavyoona.

Turudi kwenye ule upaukaji, maana una maelezo ya namba kabisa. Televisheni za kawaida zinafuata kanuni iitwayo Rec.709, iliyotolewa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, mwaka 1990. Weka mbele ya kamera karatasi nyeupe inayorudisha asilimia 90 ya mwanga. Kwa Rec.709 karatasi hiyo inakaa kwenye asilimia 95 hivi ya kipimo cha mwangaza. Ni nyeupe, na skrini inaionyesha nyeupe. Kwa S-Log3 karatasi hiyohiyo inakaa kwenye 61. Skrini haijui kwamba hiyo ni karatasi nyeupe iliyokunjwa, inaonyesha 61 kama 61, nawe unaona kijivu. Upande wa chini, weusi ambao ungekuwa sifuri unainuliwa hadi asilimia 3 na nusu hivi, na kwa V-Log hadi 7. Kadi ya kijivu ya asilimia 18, ile ya kupimia mwanga, haisogei sana: S-Log3 inaiweka kwenye 41, V-Log kwenye 42, na Rec.709 nayo ni humohumo kwenye 41. Kwa hiyo katikati pamebaki palepale, ila dari imeshushwa na sakafu imepandishwa. Nafasi iliyoachwa kati ya 61 na 100 ni ya vitu vinavyong'aa kuliko karatasi: balbu, mawingu, jua linalomulika kwenye kioo cha gari. Kwa Rec.709 vyote hivyo vingekuwa vimeungua na kubaki doa jeupe.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka, nalo ndilo lingepaswa kuamua: biti za faili. Kihisi kinaweza kuwa na biti 14, lakini video inayoandikwa kwenye kadi huwa na biti 8 au 10. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi. Biti 10 ni ngazi 1,024. Ukigawanya 256 kwa stopu 14, kila stopu inapata ngazi 18. Ukigawanya 1,024, inapata 73. Kumbuka pia kwamba baadaye utaikunjua picha, yaani utazivuta ngazi hizo chache ziachane ili kontrasti, yaani tofauti kati ya giza na mwanga, irudi. Ngazi 18 zikivutwa, mianya inaonekana.

Niliwahi kurekodi sherehe ya jioni, nje, kwa kamera ya biti 8 niliyoiweka kwenye logi kwa kiburi tu. Kwenye skrini ndogo ya kamera kila kitu kilikuwa shwari. Nilipoanza kurudisha rangi, anga nyuma ya watu likakatika vipandevipande, bluu, bluu iliyopauka, zambarau, kama ngazi za nyumba. Mwenye sherehe alipotazama akaniuliza kwa upole kama yale yalikuwa mawingu. Hakuna programu inayorudisha ngazi ambazo hazikuandikwa.

Ndiyo maana, kamera zikilinganishwa, jina la logi kwenye tangazo halitoshi. Sony a7 III ya mwaka 2018 ina S-Log3, lakini video yake ni ya biti 8. Panasonic GH5 iliyotangulia mwaka 2017 ilikuwa tayari inaandika biti 10 kwenye kadi, na Fujifilm X-T3 ya 2018 nayo hivyohivyo. Canon EOS R ya 2018 ilitoa biti 10 kupitia waya wa HDMI tu, kwa mwenye kinasa cha pembeni, huku kadi ikiambulia biti 8. Nikon Z6 ya mwaka huohuo ilikuwa na N-Log, nayo kupitia HDMI pekee. Mambo yalibadilika karibu na 2020, kwa Canon EOS R5 na Sony a7S III, na mwaka uliofuata Sony a7 IV. Anayetafuta kamera iliyotumika aiweke mistari hii kichwani kabla ya kutazama megapikseli.

Kuna namba nyingine huandikwa karibu na biti: 4:2:2 au 4:2:0. Zinaeleza rangi zinavyofupishwa. Mwangaza huandikwa kwa kila pikseli, ila rangi huandikwa kwa nusu ya pikseli katika 4:2:2 na kwa robo katika 4:2:0. Anayefuta kitambaa cha kijani nyuma ya mtu ataiona tofauti kwenye kingo za nywele. Wengine wengi hawataiona.

Jambo la pili linalowashangaza wageni wa logi ni ISO, namba ya jinsi kamera inavyoukuza mwanga ilioupata. Kwenye a7 III, S-Log3 haishuki chini ya 800. Kwenye X-T3, F-Log inaanzia 640. Si ukorofi wa kamera. Ili kuyaokoa mawingu, kamera hukipa kihisi mwanga kidogo kuliko kawaida, kisha hupandisha sehemu za kati kwa hesabu. ISO hiyo kubwa ni jina la hesabu hiyo. Matokeo yake mchana wa jua mkali unajikuta na mwanga wa kumwaga: ukitaka shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, ibaki 1/50 ya sekunde kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, huna njia ila filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi. Mimi naihesabu filta hiyo kama sehemu ya bei ya logi.

Hesabu hiyo ina deni upande wa pili, kwenye vivuli. Sehemu za giza zilizopandishwa huja na chengachenga, na ukiirekodi picha ikiwa na giza kidogo, chengachenga hizo zitacheza usoni mwa mtu. Watumiaji wengi wa S-Log3 hurekodi kwa mwanga wa ziada, stopu moja hadi moja na nusu juu ya kipimo cha kamera, kisha hushusha kwenye kompyuta. Ni tabia nzuri mradi umeiangalia mistari ya pundamilia, ile milia ambayo kamera huichora juu ya sehemu zenye mwanga mkali kwenye skrini, na kuona kwamba nguo nyeupe haijafika dari. Kwenye a7S III kuna kituko cha kupendeza: katika S-Log3 kihisi kina vituo viwili safi, ISO 640 na ISO 12,800, na hiyo ya juu hutoa vivuli safi kuliko ISO zilizo chini yake kidogo.

Watu pia huichanganya logi na faili ghafi (RAW), yaani namba za kihisi zikiwa hazijapikwa, wakidhani kila kitu kinarekebishika baadaye. Hapana. Katika faili ghafi, mizani ya weupe, yaani namba inayoiambia kamera nyeupe ni ipi chini ya taa fulani, ni maandishi ya pembeni, unaibadilisha bila hasara. Katika logi imeshapikwa ndani. Ukiiachia kamera ijichagulie yenyewe, mtu akipita na gauni jekundu kamera itasogeza rangi katikati ya tukio, na utakesha ukifukuzana nayo. Funga namba, ambayo hupimwa kwa Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: karibu Kelvini 5,600 kwa mwanga wa mchana, 3,200 kwa taa za njano za zamani.

Kukunjua picha hufanywa kwa LUT, ambayo ni jedwali tu: namba ikiingia hii, itoke ile. Jedwali limeandikwa kwa fomula fulani pamoja na upana fulani wa rangi (gamut), yaani rangi zote zinazoweza kuandikwa, kwani kila logi huja na upana wake. S-Log3 mara nyingi huambatana na S-Gamut3.Cine, V-Log na V-Gamut, F-Log na rangi za Rec.2020. LUT ya S-Log3 ukiipachika kwenye video ya S-Log2, logi nyingine ya Sony ambayo kadi ya kijivu inaiweka kwenye 32 badala ya 41, picha itatumbukia gizani na utailaumu kamera. LUT nyingi za kuuza zinazoahidi rangi za sinema huchanganya mambo mawili, kukunjua na kupaka. Anza na LUT ya mtengenezaji wa kamera yako, inapatikana bure kwenye tovuti yake. Mapambo yaje baadaye.

Na si lazima uende huko kabisa. Katikati ya logi na picha ya kawaida kuna mipangilio inayopunguza kontrasti bila kukunja kila kitu: Eterna ya Fujifilm, iliyoanza na X-H1 mwaka 2018, S-Cinetone ya Sony, Cinelike D ya Panasonic, na HLG iliyobuniwa na BBC pamoja na NHK ya Japani. Kwa kamera ya biti 8, au kwa kazi inayotakiwa kesho asubuhi, ningechagua mojawapo ya hizo bila kusitasita.

Ule ubishi wa wapigapicha kwamba Canon hutoa rangi nzuri ya ngozi na Sony huitia ukijani umetokana kwa sehemu kubwa na mipangilio ya kiwandani na mizani ya weupe iliyoachwa ijiendeshe. Ukitaka kulinganisha kamera mbili kwa haki, funga Kelvini ileile kwa zote, rekodi kila moja kwa logi yake, kunjua kila moja kwa LUT ya mtengenezaji wake. Mbele ya kamera hizo simamisha mtu mwenye shati jeupe, nusu juani, nusu kivulini. Tofauti za ngozi zitapungua sana, ingawa hazitaisha, kwa sababu vichujio vya rangi juu ya vihisi havifanani. Kisha sogeza macho kwenye bega lililo juani. Kamera moja itaonyesha mshono wa shati, nyingine itaonyesha bega tu.