Fukushima walivizima. Tatizo halikuwa hapo

Kila mradi wa nyuklia uliopendekezwa Uyombo, Kilifi, unapotajwa, hakosi mtu wa kuniambia: "Kule Fukushima si wangezima tu vinu vya nyuklia?" Jamani, walivizima! Tarehe 11 Machi 2011 ardhi ilipotikisika kwenye kituo hicho cha Japani, saa 8:46 mchana, fimbo za kudhibiti, zile zinazosimamisha mpasuko wa urani, ziliingia zenyewe ndani ya sekunde chache. Wimbi kubwa la tsunami lilifika kama dakika 50 baadaye, likakuta vinu vyote vitatu vilivyokuwa kazini vimeshazimika.

Kinachoua ni joto masalia. Mpasuko wa urani ukikoma, mabaki yake huendelea kutoa joto, na hakuna swichi ya kuyanyamazisha. Baada ya siku nzima bado ni kama nusu asilimia ya nguvu ya kinu. Watu husikia nusu asilimia wakacheka. Haya, tupige hesabu: kinu namba 1, kidogo kuliko vyote pale, kilikuwa cha megawati 1,380 za joto. Nusu asilimia yake ni karibu megawati 7, yaani birika za umeme zaidi ya elfu tatu zikichemka kwa pamoja, usiku kucha. Maji yakikauka, zirkoniamu ya fueli inaingiliana na mvuke na kutoa haidrojeni. Ule mlipuko wa kwenye televisheni ndio huo. Si bomu, na sitalirudia.

Bahari yenyewe ilichofanya ni kukata umeme wa dharura, ule wa kuendesha upoozaji. Hapa ndipo ninapochoka, maana kila mtu anazungumzia jenereta za dizeli zilizofurika. Sawa, nyingi zilifurika. Lakini zile za vinu namba 2 na 4 zilizopozwa kwa hewa hazikulowa! Kilicholowa ni makabati ya kugawia umeme, chini kabisa, na jenereta hizo zikabaki mapambo. Jenereta moja tu ya namba 6 iliendelea kufanya kazi, na hiyo moja ikaviokoa namba 5 na 6.

Onagawa, kituo kingine cha nyuklia cha Japani, ilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, ikasalimika kwa sababu ilijengwa karibu mita 15 juu ya bahari. Wimbi lilifika kama mita 13. Mkiniuliza Uyombo pajengwe mita ngapi, nitasita. Joto masalia nalikokotoa bila wasiwasi, lakini wimbi la miaka elfu, lile linalokuja mara moja katika miaka elfu, tunalikisia kwa kumbukumbu za karne chache, kisha tunaliandika kwa desimali ili lipendeze. Kwa hiyo msinionyeshe kwanza mchoro wa ukuta. Nionyesheni makabati ya umeme yatakaa ghorofa ya ngapi.