Desa ya Java: yanayosemwa na yaliyopo

Mjava wa desa, yaani wa kijijini, akikuuliza "Apa kabar?", huhitaji mkalimani. Ni habari yetu ileile, imetoka Uarabuni ikafika kwao na kwetu. Dunia kwao ni dunia, waktu ni wakati, na meja ni meza, ambayo wote tuliachiwa na Wareno. Labda ndiyo maana tunajiona tunawajua, kumbe tunachokijua ni picha: majaruba ya kijani yamepangwa kama ngazi mlimani, na mzee wa kofia ya mianzi anafuata nyati wa kulimia. Picha si ya uongo, ila imeacha mengi nje. Nitasema zaidi kuhusu kisiwa cha Java, kwa sababu nchi yake, Indonesia, ina visiwa zaidi ya 17,000, na anayesema "kijiji cha Indonesia" kana kwamba ni kimoja ameshaanza kupotea njia.

"Kijijini huko serikali haifiki"

Inafika hadi jikoni. Kila nyumba iko chini ya RT, kikundi cha kaya chenye kiongozi wake, mfumo ulioanza Wajapani walipoikalia Java kati ya 1942 na 1945. Mtanzania aliyekulia chini ya mjumbe wa nyumba kumi haelezwi zaidi. Mwanzoni mwa vichochoro vingi kuna kibao: mgeni anayelala aripotiwe ndani ya saa 24.

Mara moja kwa mwezi kuna posyandu, ambayo ni kliniki ya watoto inayoendeshwa na akina mama wa hapohapo kwa kujitolea. Si lazima kuwe na jengo. Baraza la mtu linatosha. Kwa utaratibu wake wa asili, meza hupangwa tano. Ya kwanza unaandikishwa, ya pili mtoto anatiwa kwenye mkoba wa kitambaa unaoning'inia kwenye mizani huku analia kama anachinjwa, ya tatu uzito unaandikwa kwenye kadi, ya nne mama anapewa ushauri, na ya tano yupo mhudumu wa afya na chanjo zake. Wakimaliza, mara nyingi akina mama hao hao wanageukia arisan, yaani upatu.

Na pesa zinafika. Sheria ya Vijiji ilipitishwa 2014, na tangu 2015 kila desa, nazo ni zaidi ya 74,000, inapata fungu lake kutoka bajeti ya taifa. Mbele ya ofisi ya kijiji utakuta bango kubwa: picha ya mkuu wa kijiji anatabasamu, na chini yake mapato na matumizi ya mwaka, rupia kwa rupia. Wapo waliotabasamu kwenye bango na kuishia jela. Mkuu huyo huchaguliwa kwa kura. Januari 2023 wakuu wa vijiji waliandamana mbele ya bunge Jakarta wakidai muhula wao wa miaka 6 uwe 9; mwaka 2024 wakapewa 8. Kwa nini cheo cha kijiji kigombewe hivyo? Sababu moja ya zamani inaitwa bengkok: katika Java, wakuu wa kijiji walilipwa kwa kupewa shamba la kijiji walitumie wakiwa madarakani, na sehemu nyingi mashamba hayo bado yapo. Kisiwani kule, shamba ni zaidi ya mshahara.

"Kila mtu ana mpunga wake"

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Java inaingia kama mara saba ndani ya Tanzania, lakini sensa ya 2020 ilihesabu humo watu wapatao milioni 151. Gawanya ardhi hiyo, kisha ugawe tena kila baba anapofariki. Mwenye robo hekta si fukara wa kijiji, ni mtu wa kawaida tu. Chini yake wapo wanaolima shamba la mwingine kwa maro, nusu kwa nusu, na chini zaidi wapo buruh tani, vibarua wasio na hata kitalu.

Zamani mavuno yalikuwa ya wanawake. Kila mmoja alikuja na ani-ani, kakisu kadogo kanakofichika kiganjani, akikata suke moja baada ya jingine ili Dewi Sri, mungu wa mpunga, asishtuke. Ujira wake ulikuwa bawon, fungu la alichokivuna, na ilikuwa aibu kwa mwenye shamba kumrudisha jirani aliyekuja kuvuna. Miaka ya 1970 zikaenea mbegu mpya, fupi na za kuiva upesi, zinazokatwa kwa mundu. Wenye mashamba wakazidi kuuza mpunga ungali shambani kwa penebas, mchuuzi anayekuja na watu wake. Jirani atamdai nani, na mnunuzi hata hamjui? Siku hizi, penye barabara, hata watu hao hawaji; inakuja mashine.

Mwaka 1984 Indonesia ilitangaza kwamba imejitosheleza kwa mchele, na 1985 rais wake, Soeharto, alikwenda Roma kupongezwa na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Mchele uliongezeka kweli. Aliyepungukiwa ni mama wa ani-ani.

Kwa hiyo ukisikia sifa za gotong royong, msaragambo wao, zikubali kwa kiasi. Mifereji husafishwa pamoja, na baada ya tetemeko la Mei 27, 2006 kule Bantul, Java, majirani walijengeana nyumba. Lakini msaragambo haujawahi kumpa mtu shamba.

"Wote wanakula wali asubuhi, mchana na jioni"

Kunduchi au Gunung Kidul, makopa ni makopa. Kwenye milima ya chokaa ya Gunung Kidul, kusini mashariki mwa mji wa Yogyakarta, muhogo mkavu huitwa gaplek. Unga wake hunyunyiziwa maji na kupikwa kwa mvuke hadi uwe tiwul. Wazee waliokula tiwul kwa kukosa mchele sasa wanawaona wageni wa mjini wakiinunua kama chakula cha kumbukumbu. Kisiwani Madura walizoea mahindi, na mashariki ya nchi, Maluku na Papua, ni sago, wanga wa shina la mtende.

"Uislamu wao wa kijijini ni jina tu"

Huambiwa hivi kwa sababu ya kenduri. Mtu akifariki, majirani hukusanyika kumsomea siku ya 3, ya 7, ya 40, ya 100, hata ya 1,000. Mwambao tunayo hitima, na tunagombana nayo vilevile: huyu bidaa, yule sunna. Hoja zinafanana mno, ungedhani wamesikilizana. Mimi kilichonivutia ni kile mtu anachorudi nacho nyumbani baada ya dua, wali na kitoweo kwenye kifurushi. Kinaitwa berkat. Baraka, basi, ya kubeba mkononi.

"Ukiona ghorofa, kijiji kimetajirika"

Uliza kwanza mwenye nyumba yuko wapi. Ghorofa lenye vigae na nguzo za mbele, katikati ya nyumba za matofali yasiyopigwa lipu, mara nyingi limejengwa na Hong Kong, Taiwan, Malaysia au Saudia. Aliyekwenda mara nyingi ni mama. Mtoto amebaki kwa bibi. Mwaka 2015 serikali ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa ndani kwa waajiri binafsi Mashariki ya Kati, lakini njia za panya hazikufungwa. Dada wa Tanga au Mombasa aliyefanya kazi Jeddah huenda alilala chumba kimoja na mwanamke wa Java au wa kisiwa cha Lombok, na angekueleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Ghorofa hupatikana kwa mkataba mmoja au miwili. Shamba halipatikani, maana hakuna anayeuza, au bei imeshapanda kwa sababu ya pesa hizohizo za nje.

"Wanaokaa chini ya volkano hawajui hatari"

Wanaijua kwa tarehe. Mlima Merapi ulilipuka mwishoni mwa 2010 na kuua zaidi ya watu 350, akiwemo Mbah Maridjan, mzee aliyekabidhiwa na kasri la Yogyakarta kuutunza mlima, ambaye alikataa kushuka. Yeye ndiye aliyeandikwa magazetini, ikaonekana wote ni watu wa imani za mizimu. Hawakuandikwa sana wale waliohamishwa chini kisha wakawa wanapanda kila siku kwenda kuwalisha ng'ombe wao. Ng'ombe ndiye benki, na udongo wa majivu huotesha majani mazuri.

Baadaye serikali iliwajengea makazi mapya, chini zaidi na salama zaidi: nyumba imara zilizopangwa mistari. Nyumba bila shamba, kwa kuwa ardhi ya chini ilikuwa na wenyewe tangu zamani. Asubuhi pikipiki zinapanda mlimani zikiwa tupu, na kabla ya jua kutua zinashuka polepole, mzigo wa majani umemfunika dereva hadi mabegani.