Kumhurumia shujaa wa tanzia si kumfutia kosa

Shujaa wa tanzia, yaani tamthiliya yenye mwisho wa huzuni, ni mhusika mkuu mwenye hadhi ambaye kosa lake mwenyewe humwangusha, na anguko hilo huiachia hadhira huruma pamoja na hofu. Ndivyo alivyofundisha Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, akisisitiza kwamba mtu huyo asiwe mwema kupindukia wala mwovu kupindukia. Maana yenyewe haina utata. Utata huanzia kwenye huruma, kwani katika madarasa na mijadala ya fasihi hapa Dodoma husemwa mara kwa mara kwamba Othello, shujaa wa tamthiliya ya Shakespeare iliyoigizwa London mwaka 1604, anastahili huruma "kwa sababu alidanganywa tu", kana kwamba kumhurumia mtu ni kumfutia kesi.

Ni kweli alidanganywa, tena na fundi wa fitina: Iago, afisa aliye chini yake, alimwaminisha kwamba mkewe Desdemona anazini na Cassio, luteni wake, hata akamwua mkewe. Iago hakumletea jenerali wake ushahidi wowote wa maana. Alimletea maneno ya kukatizakatiza, ndoto aliyodai kuwa ni ya Cassio, na leso ambayo Emilia, mkewe Iago, aliiokota baada ya Desdemona kuiangusha. Lakini hebu tutazame onyesho moja la tendo la nne, ambalo watetezi wake hulipita haraka mno. Othello anamhoji Emilia, mtu anayemhudumia Desdemona siku zote: je, hakuwahi kuwaona Desdemona na Cassio wakinong'onezana? Hakuwahi kutumwa nje kuleta kipepeo cha kujipepea au glavu ili wawili hao wabaki peke yao? Emilia anajibu kwamba hakuwahi kabisa, na kwamba yuko tayari kuiweka roho yake rehani kwa uaminifu wa bibi yake. Emilia anapotoka, Othello anajiambia kwamba hata kuwadi wa kawaida angeweza kusema hayo. Katika mahojiano hayo Iago hayupo jukwaani. Hakuna anayemnong'oneza, ukweli umewekwa mbele yake naye anausukuma pembeni kwa hiari yake, kwa kuwa wivu umekwisha kumfanya aone kila kanusho kuwa ushahidi mpya.

Hapo ndipo tanzia ilipo. Tukimfanya kibaraka wa Iago, tutamsikitikia, lakini hofu tutaipoteza, maana hofu hutokana na kumtazama mtu mwenye akili timamu na sifa njema akichagua kuamini lile linalomwumiza, nasi tukijua kwamba tungeweza kufanya vivyo hivyo.

Jambo hili linanigusa zaidi kwa sababu hata habari za mauaji ya wanawake nchini mwetu huandikwa kwamba mume aliua "kwa wivu wa mapenzi", na maneno hayo hupokelewa kama nusu ya utetezi. Othello naye, kabla ya kujichoma, anaomba akumbukwe kama mtu aliyependa kupita kiasi, huku Desdemona akiwa maiti kitandani. Ombi hilo ni lake. Hadhira hailazimiki kulipokea kuwa hukumu.

Kwa hiyo anayemhurumia Othello hajakosea, nami namhurumia. Ningemwomba tu, kila anaposema kwamba alidanganywa, aongeze kwamba alimwuliza Emilia, akajibiwa, na hakutaka kusikia.