Granti ya utafiti ni nini, na mbona si kama mbolea ya ruzuku

Mamangu anauza omena soko la Kibuye, Kisumu, na kila jioni lazima azichambue, atoe vijiwe na takataka, na siku hizi ikifika saa kumi na moja anabeba lungo lake anaenda kukaa mlangoni kwa sababu hata balbu ikiwashwa anasema ndani haoni kitu, na mimi niko hapo hapo ndani naona vizuri tu. Ni umri. Mtu akizeeka lenzi ya jicho inaenda ikigeuka manjano na mboni inakuwa ndogo, kwa hivyo mwanga unaofika nyuma ya jicho unapungua. Haya yote yanajulikana kwa sababu kuna mtu alikaa chini akapima macho ya watu wengi, na huyo mtu alihitaji pesa ya kufanya hivyo. Mara nyingi pesa hiyo ndio inaitwa granti.

Kwa vitabu utaona imeandikwa ruzuku ya utafiti, lakini ukimwambia mkulima wa Kitale ruzuku anajua ni mbolea. Mbolea umepunguziwa bei na gunia unaenda nalo nyumbani. Granti anapewa mtafiti ajibu swali fulani. Hairudishwi kama loni, na pia hawezi kuitumia anavyotaka, bajeti imeshasema hii ni ya mafuta ya gari, hii ya mashine, hii ya mishahara.

Wanaotoa ni serikali, mashirika ya hisani, na wakfu. Wakfu ni mali imewekwa kando kwa kazi maalum, inawekezwa, halafu mapato yake ndio yanagawanywa mwaka baada ya mwaka. Henry Wellcome alitajirika na biashara ya madawa, alipofariki 1936 mali yake ikawa Wellcome Trust ya London, na mpaka leo inalipia utafiti, hata Kilifi pamoja na KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba.

Kuipata ni kazi. Unaandika proposo, yaani maelezo ya swali lako na vile utalijibu, wataalamu wengine wanaichambua, wengi wanakataliwa. Ukipita, kamati ya maadili nayo ikubali, na hapa Kenya upate leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, ndio sasa uguse jicho la mtu.

Mfano mzuri uko Nakuru. 2007 na 2008 watafiti walipima watu 4,414 wa miaka 50 kwenda juu, halafu 2013 na 2014 wakarudi kuwatafuta wale wale waone nani macho yamezidi kuharibika na ni kwa nini. Pesa ya kurudi ilitoka kwa baraza la utafiti wa tiba la Uingereza na shirika la hisani la Fight for Sight, kati ya wengine. Hebu fikiria kumtafuta mzee baada ya miaka karibu sita, na vurugu za uchaguzi wa 2007 zilikuwa zimehamisha watu. Ni wakati huo ndio Peek, ile programu ya simu ya kupima macho, ilijaribiwa: unaonyeshwa herufi E imegeuzwa, unaelekeza mkono kule miguu yake imeangalia, anayekupima anapitisha kidole kwa skrini.

Baadaye wakaipeleka shule 50 za kaunti ya Trans Nzoia, huko Kitale, wakazigawanya pande mbili walinganishe. Kati ya watoto waliopatikana na shida, upande wa simu na SMS za kuwakumbusha wazazi walifika hospitali 54 kwa kila 100, upande wa njia ya kawaida 22. Kujua hiyo tofauti ndio kitu granti ilinunua, na kwangu ni kitu kikubwa sana.

Lakini inaniuma vile watu hawaelezwi. Jirani yetu mzee alipimwa na kundi fulani, akaweka sahihi, akangoja miwani miezi na miezi, na miwani haikuwa kwa bajeti tangu mwanzo. Kwa hivyo kabla uweke sahihi uliza: mkinipata na mtoto wa jicho, nani analipa opresheni? Mnanipeleka hospitali gani? Nakala yangu ya hii karatasi iko wapi? Wakikuitisha pesa ya kujiandikisha, ondoka, mtafiti wa kweli hakulipishi kupimwa. Mamangu nimemfunza hayo maswali kwa Kijaluo, na ameongeza lake: mtarudi kuniambia mlipata nini?