Limau kwenye kidonda cha mdomo, jamani acheni

Jana kaingia kijana wa bodaboda, mdomo wa chini umevimba, ukiufunua ndani mweupe kama umemwagiwa chai ya moto. Umeweka nini? "Chumvi na limau dokta, bi mkubwa kasema ni upungufu wa vitamini C." Huyo wa tatu wiki hii. Wa tatu! Na Julai yenyewe ndo hii, upepo wa Dodoma umeshawakausha watu midomo hata kabla hawajajiunguza wenyewe.

Hiyo vitamini C tuimalize haraka. Mtu akiikosa kweli kweli, kwa miezi, fizi zinavimba na kutoka damu, meno yanalegea, mwili unapata michubuko ovyo. Sasa wewe una kidonda kimoja cha duara, njano katikati, chekundu pembeni, kwenye ubavu wa ulimi, na ubuyu wenye vitamini C unaumung'unya tangu chekechea. Upungufu unaohusishwa na vidonda hivi ni wa madini ya chuma na wa vitamini za foleti na B12, na limau halikupi chuma wala B12.

Kinachonichosha zaidi ni ile imani kwamba dawa ikiuma ndo inafanya kazi. Pale kwenye kidonda ngozi laini ya ndani imetoka, mishipa ya fahamu iko wazi. Chumvi kavu inanyonya maji kwenye nyama iliyobaki, limau ni asidi, linaunguza. Ule weupe mnaofurahia kesho yake mkasema kinakauka ni nyama iliyokufa, ikibanduka kidonda kilichokuwa kama punje ya dengu kinakuwa kama sarafu. Wengine wanaona huo utando wa njano wanadhani usaha basi wanaukwangua na kucha, Mungu wangu, huo ndo kifuniko cha kidonda, uache!

"Lakini dokta mbona mimi nilipona?" Ndio, ulipona. Vidonda hivi vidogo vinapona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Siku nne za kwanza unavumilia, ya tano unazidiwa unapaka limau, ya tisa kimepona, sifa kachukua limau. Ungeimba wimbo wa taifa asubuhi na jioni kingepona vilevile, na usingelia. Kapsuli rangi mbili za tetracycline, dawa ya kuua bakteria, mnazofungua na kumwagia unga wake mdomoni ni stori hiyohiyo, na mtoto chini ya miaka 8 tetracycline inamharibu rangi ya meno moja kwa moja.

Chumvi mimi siikatai, nakataa chumvi kavu. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, ukionja iwe kama machozi, sukutua nusu dakika, tema, mara tatu nne kwa siku hasa ukishakula. Inasafisha na kutuliza, basi, haifupishi siku kihivyo. Asali nayo sawa, zile za Manyoni nzuri sana ukipata ambayo haijachakachuliwa na sukari, unapaka kidogo halafu usile wala kunywa kwa nusu saa. Tafiti za kuiunga mkono zipo ila nyingi ndogondogo, na nina wagonjwa inawawasha balaa, hao nawaambia waache. Mtoto hajafika mwaka mmoja usimpe asali kabisa, inaweza kumletea sumu inayolegeza misuli mpaka kupumua kukawa shida.

Sasa ukiniuliza vinasababishwa na nini hasa... vitabu vyetu vina orodha ndefu, na kwenye udaktari orodha ndefu mara nyingi maana yake hatujui. Mimi mwenyewe vinanitoka tangu chuo, mama yangu navyo, nimepima FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, iko safi na bado vinanitoka. Wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wananijia karibu na UE, mitihani yao ya mwisho wa muhula, kwahiyo mawazo na kukosa usingizi vimo. Kujing'ata kumo, mswaki mgumu umo, jino lenye ncha limo, hilo njoo tulichonge. Kuna na dawa za meno zenye SLS, ile inayoleta povu jingi, wengine wakibadilisha wanapata nafuu kubwa, wengine hamna kitu, jaribu tu. Vikikurudia kila mwezi pima damu, ongeza dagaa, maharage, ini, mayai. Kikiwa kimeshatoka kula ugali laini na mlenda, unateleza haukichubui, na majani yake yana foleti, ila B12 usiitafute humo.

Na haviambukizi, wala kidonda kimoja hakimaanishi una virusi vya UKIMWI, punguzeni presha. Malengelenge ya nje ya mdomo ndo yanaambukiza, na utando mweupe wa fangasi ni habari nyingine.

Ila kidonda kisichouma ndo kinanitisha mimi, maana kinaweza kuwa saratani. Hasa kwa wazee wetu wanaoweka ugoro palepale kila siku miaka na miaka, kinakaa kimya pembezoni kimekuwa kigumu, mtu anasema si hakiniumi bwana. Wiki 3 zikipita hakijapona, kinauma hakiumi, njoo tukiangalie, na usikipake kitu kabla sijakiona, maana limau likishapita hapo kote kunakuwa kweupe na mimi nashindwa kujua nilichotakiwa kukiona ni kipi.