Vikojozi wa Septemba 1939

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwatafutia familia za kuaminika watoto waliotengana na wazazi wao. Wenzangu wapya huniuliza kwa nini mafunzo yetu nayaanzia Uingereza ya mwaka 1939. Nayaanzia huko kwa sababu ya mashuka.

Tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, serikali ya Uingereza ilianza kuwatoa watoto London na miji mingine mikubwa kwa kuhofia mabomu. Ndani ya siku tatu watu wapatao milioni 1.5 walikuwa wamepelekwa vijijini. Zaidi ya 800,000 kati yao walikuwa watoto wa shule walioondoka bila wazazi, wakiongozwa na walimu. Kila mtoto alivaa kikaratasi chenye jina lake kwenye koti na kubeba boksi lenye kinyago cha kujikinga na gesi. Mama aliyemsindikiza hakujua treni inampeleka wapi mwanawe. Alirudi nyumbani kungoja kadi ya posta ambayo mtoto angemwandikia akishafika.

Treni zilipangwa vizuri sana. Usiku wa kwanza haukupangwa.

Mahali pengi watoto walisimamishwa kwenye ukumbi wa kijiji, wenyeji wakapita wakichagua. Mwenye shamba alimtaka mvulana mwenye nguvu, mwingine akamtaka msichana msafi. Waliobaki walizungushwa mlango kwa mlango hadi giza likaingia. Mwenyeji alilipwa shilingi 10 na peni 6 kwa wiki akichukua mtoto mmoja, na shilingi 8 na peni 6 kwa kila mtoto akichukua zaidi ya mmoja. Ukiwa na kitanda kimoja cha ziada, na mbele yako wamesimama dada na mdogo wake wameshikana mikono, unamchukua mmoja. Ndugu wengi waliachanishwa hivyo hivyo.

Asubuhi magodoro yalikuwa yamelowa. Malalamiko yakamiminika kutoka kila wilaya: watoto wa mjini hawakufunzwa adabu, ni vikojozi. Baadhi walipigwa, wengine wakahamishwa nyumba moja hadi nyingine, na kila kuhama kulizidisha tatizo. Mtoto wa miaka minane aliyelala kwake akiwa mkavu, akipelekwa kwa wageni asiowajua, mwili wake husema kile ambacho mdomo hauwezi. Hilo si suala la adabu hata kidogo, na huwa naumia kila ninapomsikia mtu mzima akilitafsiri hivyo.

Desemba 1939 madaktari watatu, Donald Winnicott, John Bowlby na Emanuel Miller, waliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza kuonya kwamba kuwatenga watoto wa miaka miwili hadi mitano na mama zao kuna hatari zake. Baadaye Winnicott alifanya kazi Oxfordshire, kwenye mabweni yaliyofunguliwa kwa ajili ya wale ambao hakuna nyumba iliyowaweza. Bowlby alitumia miaka mingi kujifunza jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, na sisi wa ustawi tunafanya kazi kwa maarifa hayo mpaka leo.

Mabomu yalichelewa. Kufikia Januari 1940 karibu nusu ya watoto wa shule walikuwa wamesharudi mjini, na London ilianza kupigwa mfululizo Septemba mwaka huohuo. Nasisitiza hapa: kuwahamisha kuliokoa maisha, na singethubutu kumlaumu mzazi aliyempandisha mwanawe treni.

Mwanasaikolojia wa watoto Susan Isaacs na wenzake waliwafuatilia watoto wa London waliohamishiwa Cambridge. Waliwaomba waandike wanachokipenda pale na wanachokikosa. Ni swali jepesi kabisa, na bado nashangaa jinsi tunavyolisahau.

Nami niliwahi kulisahau. Ofisi niliyokuwamo iliwagawa kaka na dada katika familia mbili kwa sababu ya kitanda. Msichana alikuwa ameshika pindo la shati la kaka yake, na mimi ndiye niliyemfungua vidole, kimoja kimoja. Wiki ya pili mama mlezi alinipigia simu kuhusu godoro. Tuliwarudisha pamoja, wakalala kwenye mkeka mmoja sebuleni. Sasa fomu yangu ya kupokea mtoto inaanza na swali hili, kabla ya umri na kabla ya shule: nyumbani, ulikuwa unalala na nani?