Watu 1,100, lakini wako wapi?

Mwezi huu swali ni lilelile kwa mara ya tatu, kutoka kwa mwanafunzi mwingine wa uzamili anayeandika tasnifu juu ya vijiji vya Uttar Pradesh, jimbo la kaskazini mwa India: "Kijiji changu kina watu 1,100. PMGSY, mradi wa serikali wa barabara za vijijini, unafikisha barabara penye watu 500. Kwa nini basi wakazi bado wanatembea kwa miguu?" Nasoma majedwali ya sensa ya India kwa riziki yangu, na hili ndilo linalonichosha kuliko yote.

Anayejua tofauti ya kijiji na kitongoji hapa Tanzania hana udhuru wa kukosea. Kijiji cha sensa ya India ni mauza, eneo lililopimwa kwa ajili ya kodi ya ardhi. Ndani yake watu wamekaa kwa mafungu: huko Uttar Pradesh huita purwa, Bihar huita tola. PMGSY, ulioanza Desemba 2000, haukuhesabu mauza. Ulihesabu vitongoji: watu 500 nchi tambarare, 250 milimani, jangwani na maeneo ya makabila. Sasa gawa hao 1,100 wako: 400 hapa, 300 kule ng'ambo ya mfereji, 250, 150. Kama viko mbalimbali hata haviwezi kujumlishwa pamoja, hakuna kimoja kinachofika 500. Kijiji kizima kimepita kiwango, vitongoji vyote vimekwama.

Halafu kuna upande wa pili wa kosa hilohilo. Lami ikigusa kitongoji kimoja, jedwali huandika kwamba kijiji kina barabara ya lami, na hapo limemaliza. Mara nyingi kilichoguswa ni kitongoji kikubwa chenye duka na shule. Tola ya Wadaliti, watu wanaohesabiwa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu, ambayo kwa desturi hiyo husukumwa pembeni, inabaki na tuta la udongo katikati ya mashamba ya mpunga, na mvua za Juni hadi Septemba zikishuka tuta lenyewe huwa tope. Kwenye jedwali lako, mwanafunzi wangu, mama mjamzito wa tola hiyo "ana barabara".

Na barabara si basi. Ushauri wangu huwa mmoja, na wanaonijua wameshauchoka: kabla ya kuuliza kilomita, uliza gari la mwisho la kurudi huondoka saa ngapi. Penye lami bila basi, watu hupanda bajaji ya kuchangia inayosubiri ijae, au trekta.

Mengine nayamaliza haraka.

Herufi a kwenye safu ya basi au stesheni ya reli katika jedwali la sensa haimaanishi "ipo". Ina maana kijijini haipo, ila ya karibu iko chini ya kilomita 5. B ni 5 hadi 10. C ni zaidi ya 10. Nimeona ramani nzima iliyochorwa kinyume. Na stesheni kuwa karibu si ahadi ya usafiri, treni za mwendo kasi hupita vituo vidogo bila hata kupunguza mwendo.

"Idadi ya sasa ya watu": hapana, ni ya 2011. Sensa ya 2021 iliahirishwa. Andika mwaka kando ya namba, kila mara.

Kiwango cha kusoma na kuandika hakigawanywi kwa watu wote. Toa kwanza watoto wa miaka 0 hadi 6.

1,50,000 si kosa la uchapaji. Ni laki moja na nusu, na neno laki lenyewe tumelipata hukohuko.

Familia za Mombasa na Dar es Salaam zinazotafuta kijiji cha babu Gujarat: jina peke yake halitoshi, vijiji vyenye jina moja ni vingi mno. Leteni na taluka, yaani sehemu ya wilaya kilimo kijiji, mkipata na msimbo wa sensa wa tarakimu sita tutamaliza kazi siku hiyohiyo. Na kijiji kikionyesha wakazi sifuri, msinipigie simu kwa hofu. Mauza isiyokaliwa na mtu huitwa bechirag, yaani isiyo na taa, na bado ina namba yake kwenye daftari.